Naonekana mzima lakini mwili umegoma: nimwambie mkuu wa shule au ninyamaze?

Mwalimu wa Kihonda

Habari za jioni wakuu. Naandika nimelala, simu nimeiegemeza kwenye mto, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Ni mwalimu wa hisabati, sekondari ya binafsi hapa Morogoro. Umri 38, mke na watoto wawili. Mwanzoni mwa 2021, kile kipindi mtaa mzima unanuka mchaichai na mikaratusi kwa watu kujifukiza, na mimi nikaipata hiyo "changamoto ya upumuaji", ndivyo korona ilivyoitwa. Sikupima, nani alikuwa anapima. Kifua kikapona, harufu ikarudi, nikarudi darasani. Nguvu ndiyo haijarudi mpaka leo.

Mtu asije akaniambia habari za kuchoka. Kuchoka nakujua. Nimekulia Ifakara, nimepanda mpunga maji yakiwa magotini, nimekesha nasahihisha moko ya wilaya. Kule ukilala unaamka mtu mpya. Hapa naamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala, misuli inauma kama niliyebeba tofali usiku, na kichwani kuna ukungu.

Juzi nilikuwa kidato cha tatu, kipindi cha pili mfululizo. Mkono nikiuinua juu ya bega unaanza kutetemeka, kwa hiyo siku hizi naandika nusu ya chini ya ubao tu, wale wa nyuma wanasimama kuona. Tulikuwa tunakamilisha mraba, kitu ninachoweza kukifanya usingizini. Nikafika katikati nikasimama. Namba naziona, chaki ninayo, kinachofuata sikijui. Binti mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nusu ya namba ya x, halafu kipeo cha pili." Darasa zima likadhani nilikuwa nawapima. Nikamwambia vizuri sana, nikageukia ubao ili wasinione usoni.

Wiki ya zamu ndiyo balaa lenyewe. Saa kumi na mbili na nusu uwe getini, usimamie usafi, mstarini, foleni ya makande mchana, prepu jioni. Wiki hiyo ikiisha, wiki inayofuata mimi ni wa kuhurumiwa.

Kinachonimaliza zaidi ni kwamba haionekani. Mwezi wa kumi tulikuwa na mahafali ya kidato cha nne, Jumamosi, mimi ndiye mshereheshaji. Nilisimama na maiki kutwa, nikacheza na wazazi. Jumapili nilikuwepo kidogo. Jumatatu nikashindwa kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka bafuni, hatua chache tu, mke wangu ndiye aliyeichukua. Jumatano narudi kazini, mwalimu wa taaluma ananiambia mbele ya ofisi nzima: "Ticha, muziki unauweza, vipindi ndiyo vinakuumiza?" Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Hospitali nimezunguka. Kila zahanati natoka na UTI na taifodi "kidogo". Dawa nimemeza mpaka tumbo likachafuka. Picha ya kifua safi, damu 14, malaria hakuna. Daktari mmoja akafunga faili: "Kila kitu kipo sawa, mshukuru Mungu, punguza mawazo." Mama yangu naye ana mtu wake Mahenge anataka nikamwone. Mke wangu ananiamini siku tano, siku mbili anashindwa, na simlaumu.

Swali langu: mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili. Nikimwambia mkuu wa shule, nitaitwa mgonjwa. Nikinyamaza, nimeshaitwa mvivu. Wenye hali hii na bado wako kazini, mlifanyaje?

Ngosha wa Kahama

Pole ticha. Hayo ni mawazo na kukaa sana. Amka saa kumi na moja alfajiri, kimbia kilomita mbili, kila wiki ongeza mpaka zifike tano. Unga wa mlonge kijiko kimoja kwenye uji. Mwezi mmoja utaleta mrejesho hapa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo nikakaa sawa.

Tabibu Mstaafu

Ngosha, hizo mbio ziweke kando kwanza.

Mwalimu, pole. Nimefanya utabibu miaka mingi, sasa nafuga kuku Dodoma, kwa hiyo nakueleza bila haraka ya foleni. Usijipe jina la uchovu sugu kabla hujahakikisha hubebi kitu chenye dawa. Damu umeshapima. Waambie wapime sukari, homoni ya tezi ya shingo, figo, ini na VVU. Kama unatoka jasho usiku au kilo zinapungua, wasikuache bila kukuchunguza kifua kikuu, hata kama ile picha ilikuwa safi, maana ni ya lini? Moro maziwa ya mtaani ni mengi. Kama unayanywa bila kuchemshwa, omba kipimo cha brusela. Huo ugonjwa unamchosha mtu miezi na miezi, homa inakuja na kuondoka, na kwenye zahanati nyingi hupewa jina la taifodi. Muulize na mke wako kama unakoroma na pumzi kukatika usingizini.

Na sonona nayo uulizwe, usione vibaya. Lakini kwa ulivyoeleza, mwenye sonona mara nyingi hata hamu ya kushika maiki hana. Wewe hamu unayo, ukaifuata, mwili ukakulipisha siku ya pili yake. Hiyo kuchelewa ndiyo inayonifanya nifikirie ugonjwa wanaouita ME/CFS, yaani huo uchovu sugu wenyewe, ambao mara nyingi huanza baada ya maambukizi ya virusi. Mpaka leo hakuna kipimo cha maabara kinachouthibitisha, ndiyo maana faili lako linafungwa likiwa "sawa". Vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015 ni hivi: uwezo wa kufanya mambo ya kawaida umeshuka sana kwa zaidi ya miezi sita, hali inazidi baada ya kujituma, kwa mwili au kwa akili, usingizi hauburudishi, na juu ya hayo ama kichwa kushindwa kufikiri vizuri, ama kuzidiwa ukiwa umesimama. Yule binti wa nusu ya namba ya x amekusomea kigezo kimojawapo.

Kuhusu kusimama, kuna kipimo hakihitaji mashine. Lala chali dakika kumi, hesabu mapigo ya moyo. Kisha simama umeegemea ukuta dakika kumi, mtu awe karibu yako usije ukaanguka, hesabu kila dakika. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na yakabaki huko juu, andika namba hizo kwenye karatasi umpelekee daktari. Daktari aliyechoka anasoma namba haraka kuliko maelezo.

Mama Ovaloki

Mwalimu wangu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga, barabara ya kumi na nne, nisiseme zaidi wateja wasije wakanijua. Kwangu ilianza na dengue ya 2019. Wote tuliougua nyumba ile walipona, mimi nikabaki nusu. Bosi sina, kwa hiyo likizo ya ugonjwa sina, nisiposhona hatuli. Wewe una mkuu wa shule, mimi nina mabibi harusi, na sijui nani mkali zaidi.

Nikueleze ninavyoishi. Nguvu za mwili huu ni mkopo wa kausha damu. Leo unakopa kidogo unafurahi, umecheza mahafali yako vizuri, kumbe riba inakuja kesho kutwa na wanabeba mpaka kitanda. Kwa hiyo mimi siku yangu siipimi kwa nilivyojisikia siku hiyo, naipima kwa kesho kutwa yake. Daftari la oda, pembeni ya vipimo vya mteja, naandika nimefanya nini: "kukata vitenge, soko, ngazi kwa wifi." Ikifika siku nimeanguka, narudi kurasa mbili nyuma, sababu naikuta pale imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuja kugundua kumbe kushona hakunimalizi kama kukata. Kukata nilikuwa nakata sakafuni, nimeinama, naamka, nainama. Nikamwambia seremala anitengenezee meza ya kukatia na stuli ndefu. Cherehani ya miguu nikaifunga mota. Pasi nakaa. Watu wananicheka, fundi gani anapiga pasi amekaa, mimi suruali yao inatoka na mstari kama kisu.

Jambo la pili, napumzika kabla sijachoka. Saa sita mchana nafunga pazia, nalala chini ubavu, simu mbali, redio nimezima, hata kama muda huo najisikia naweza kushona gauni zima. Hasa nikijisikia hivyo. Ukisubiri mpaka umechoka ndiyo upumzike, umeshachelewa.

La kuwaambia watu au kutowaambia: wateja siwaambii ugonjwa, nawaambia tarehe. "Hii nguo itatoka Alhamisi ya wiki ijayo." Anayetaka Jumamosi hii namwelekeza kwa fundi jirani, na jirani naye ananirudishia wa kwake wenye haraka ndogo. Sare za shule Januari nachukua zile nilizoanza kukata Novemba, zaidi ya hapo hapana. Sare za harusi za watu thelathini nimeacha kabisa, na pesa yake nilikuwa naipenda, nisidanganye.

Na mkeo usimweleze kwa maneno. Mwambie akuangalie Jumatatu na Jumanne baada ya siku yako nzuri, kisha akumbuke Jumamosi ulifanya nini. Wifi yangu alikuwa ananiita bibi wa Kizungu. Siku moja alikaa kwangu wiki nzima, alipoona mwenyewe akaanza kunichotea maji bila kuombwa. Hajawahi kusema samahani, lakini maji yanakuja.

Mungu akuafu, kaka.

Bin Kisauni

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Leicester, kazi yangu ghala. Korona iliniingia Aprili 2020, na sikupata kupona sawasawa. Nataka kumjibu Ngosha kwa heshima.

Hayo ya kuongeza kilomita kila wiki ndiyo waliyokuwa wakiwaambia wagonjwa hapa Uingereza miaka mingi, na madaktari wenyewe. Wagonjwa wakilalamika kwamba wanazidi kuumwa, huambiwa wanaogopa mazoezi. Oktoba 2021 taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, NICE, ikatoa mwongozo mpya wa ME/CFS na kuyaondoa hayo mazoezi ya kupandisha kwa ratiba. Sasa wasema mgonjwa ajue mpaka wake na akae ndani yake. Si kwamba mtu asitikisike kitandani, la. Lakini si mbio za alfajiri. Mtu aliyepona homa na aliye na ugonjwa huu si sawa, mmoja akitembea apata nguvu, mwengine alipa.

Kazini mimi nilikuwa naokota mizigo, natembea ghala lote kutwa. Kuna sheria hapa ya usawa ya mwaka 2010, hali ikiwa yakuzuia mambo ya kila siku na imekaa mwaka au itakaa mwaka, mwajiri lazima afanye mabadiliko ya kiasi. Daktari akaniandikia barua. Barua haikusema mengi juu ya ugonjwa, ilisema: akae chini, asifanye zamu za usiku na mchana kwa kupokezana, apumzike mara mbili badala ya moja. Sasa naskani lebo nimeketi. Msimamizi wangu hata leo nadhani haamini, lakini kiti ninacho.

Pia kuna utepe wa kijani wenye picha za alizeti, ulianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, mtu mwenye maradhi yasiyoonekana hujivika shingoni. Mimi huvaa nikisafiri tu, nikiwa kwenye foleni. Kazini sivai, wallahi siwezi kueleza kwa nini.

Ngosha wa Kahama

Sawa mkuu, nimekusoma. Mbio nimefuta. Mlonge ubaki.

Afisa Rasilimali

Mimi nipo upande wa waajiri, nimekaa ofisi za utumishi za kampuni binafsi, kwa hiyo niseme tunavyofikiri huku. Mkuu wa shule akisikia "nina uchovu", kichwani kwake kuna swali moja tu: nani ataingia darasani? Ukiingia kwake na historia ya ugonjwa tangu 2021 bila jibu la swali hilo, atakupa pole, na Desemba atatafuta mwalimu mwingine. Ingia na ratiba mkononi.

Kwa ulivyosimulia naona mambo manne ya kuomba, na hakuna linaloigharimu shule: vipindi viwili mfululizo vitenganishwe, stuli ndefu mbele ya ubao, kama madarasa yako yapo ghorofani, wahamishiwe chini wanafunzi na siyo wewe kupanda na kushuka, na wiki ya zamu ubadilishane na mwenzako kwa kazi ya kukaa, kama kutunga mitihani ya ndani na kujaza matokeo. Hiyo ya mwisho utapata walimu wanaogombania, maana kujaza matokeo hakuna anayependa.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Jumatatu zako za kuanguka zisizo na cheti, kwenye faili langu zinasomeka utoro, na utoro ndiyo silaha rahisi kuliko zote kwa mwajiri. Hata kama umelala nyumbani siku moja, tafuta karatasi. Na kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kwa ugonjwa, aangalie ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa. Hawezi kuangalia kitu ambacho hukumwandikia. Ukinyamaza, kinga hiyo unaitupa mwenyewe.

Kuhusu mkataba nisikupe matumaini ya uongo: wa muda maalumu ukifika tarehe unaisha, na mwajiri halazimiki kuuhuisha. Isipokuwa kama kulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa, kwa mfano umehuishwa mara kadhaa huko nyuma au ameshakupangia vipindi vya Januari. Hapo kutohuisha kunahesabika ni kuachishwa kazi, na una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mawasiliano ya ratiba ya mwakani usiyafute kwenye simu.

Mwalimu wa Kihonda

Nimesoma yote, kwa awamu, leo na jana. Asanteni sana, Mama Ovaloki nimemsomea mke wangu kwa sauti, amesikiliza mpaka mwisho kisha akauliza hiyo meza ya kukatia iligharimu kiasi gani. Anashona pia.

Tabibu, kile kipimo cha ukuta tumefanya, mke akihesabu. Nimelala 68, nimesimama ilifika 104 na haikushuka mpaka nilipokaa. Nimeziandika. Maziwa tunanunua kwa Mmang'ati anayepita asubuhi, tunachemsha, ila mtindi wake tunakunywa hivyo hivyo. Nitaomba brusela.

Afisa, mkataba umehuishwa kila mwaka tangu 2017, na ratiba ya Januari iko kwenye kundi la WhatsApp la walimu, jina langu limo. Madarasa mawili yapo ghorofani. Nimeamua kuandika, nikishapata karatasi ya daktari. Swali la mwisho: barua naielekeza kwa mkuu wa shule au kwa meneja mwenye shule? Hawa wawili hawapatani.

Afisa Rasilimali

Kwa meneja, kupitia kwa mkuu wa shule. Toa nakala mbili. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke kwa katibu muhtasi mpaka umegongewa.